Kulifuata Bomba la Mzima: Wagombea wa Wadi na Maji Wanayoyaahidi

Jumatatu, Mzima na Mtito Andei

Bomba linaloinywesha Mombasa linaanzia ndani ya mbuga ya Tsavo Magharibi, kwenye chemchemi za Mzima, na kuteremka takriban kilomita 220 hadi pwani. Ni Julai 2022, uchaguzi mkuu ni tarehe 9 Agosti, na redio zote zinazungumza urais. Mimi nimeamua kulifuata bomba hili kutoka juu hadi chini, na kila mji nitakaotua nitafute mikutano ya wanaoomba kiti ambacho watu huweka alama dakika ya mwisho, wakiwa wameshachoka na karatasi nyingine tano: mwakilishi wadi, MCA kama tunavyomwita sote.

Kiti hicho tunakidharau, na hapo ndipo tunapojiumiza. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 liliweka mikononi mwa kaunti usambazaji wa maji, majitaka, uzoaji wa taka, zahanati na hospitali za kaunti, barabara za kaunti, taa za mitaani na shule za chekechea. Mtu akiamka asubuhi, karibu kila anachokigusa kabla ya saa nne kinapitia kwenye bunge la kaunti yake. Rais hahusiki na kwa nini taa ya njia panda haiwaki.

Mzima penyewe sitapaeleza kwa urefu, ingawa ningeweza kukaa pale siku nzima. Mvua hunyesha kwenye vilima vya Chyulu, na kwa kuwa ardhi ya huko ni mawe ya volkeno yenye matundu, maji hayatengenezi mto. Yanazama, yanasafiri chini kwa chini, kisha yanabubujika Mzima yakiwa maangavu kiasi cha kuwaona samaki wakipita miguuni mwa viboko. Bomba lilijengwa miaka ya 1950, wakati wa ukoloni, na huchukua takriban mita za ujazo 35,000 kwa siku. Jambo moja msomaji alishike: maji haya hushuka yenyewe kwa mteremko. Hayasukumwi na pampu. Litatuhusu tukifika Mazeras.

Jioni nilirudi Mtito Andei, ambako ni kaunti ya Makueni. Sheria inaruhusu kampeni hadi saa kumi na mbili, kwa hiyo nilikuta mkutano umebakiza muda mfupi, kando ya barabara kuu, malori yakipita na kumeza nusu ya maneno. Mgombea hakuanza na ahadi ya kisima. Alianza na kamati. Makueni, katika miaka ya gavana Kivutha Kibwana, walijenga desturi ya wananchi wa eneo kuchagua kamati ya kila mradi, na mkandarasi halipwi mpaka kamati itie sahihi kwamba kazi imefanyika. Mgombea alisema atailinda desturi hiyo kwa sheria ya kaunti ili gavana ajaye asiifute kwa mdomo. Kwa mgombea wa wadi, hayo ni maneno mazito.

Mama mmoja aliyekuwa nyuma, mtungi wa lita ishirini miguuni, aliomba kuuliza. Akasema: Mheshimiwa, kamati tunaijua. Inapokea kisima, inatia sahihi, watu wanapiga makofi. Pampu ikifa mwaka wa tatu, kamati imeshatawanyika. Siku hiyo nani anapigiwa simu?

Mgombea alijibu kwamba ni swali zuri na kwamba kamati zitafufuliwa. Mama hakutosheka, nami pia. Swali lake nimeliandika juu kabisa ya daftari, na nitamwuliza kila mgombea kuanzia hapa hadi baharini.

Jumanne, Voi

Voi nimewasikiliza wagombea wengi kuliko mahali pengine popote, kwa sababu hapa maji ndiyo siasa yenyewe. Mtoto wa darasa la nne atakwambia kwamba Mzima iko Taita Taveta, kwamba bomba linapita Voi, na kwamba nyumbani kwao mfereji hutoa hewa. Kila mgombea, wa chama na wa kujitegemea, alikuwa na sentensi yake juu ya “maji yetu” yanayokwenda kwa wengine. Na kila mmoja aliutaja mradi wa bomba la pili la Mzima, ambao wakazi wa hapa wameusikia kampeni baada ya kampeni.

Malalamiko hayo nayaunga mkono bila kusita. Mtu anayeishi chini ya chanzo ana haki ya kunywa, na kifungu cha 43 cha Katiba kinasema kila mtu ana haki ya maji safi, salama na ya kutosha. Hakikusema kila mtu wa mjini.

Lakini nilipokaa na wagombea baada ya mikutano, mmoja mmoja, niliona tunazungumza mambo mawili tofauti. Chini ya Sheria ya Maji ya 2016, mabomba makubwa yanayovuka kaunti yako chini ya wakala wa serikali ya kitaifa. Wakala huuza maji kwa jumla kwa kampuni za maji za kaunti, nazo huyasambaza kwa watu, na bei lazima ipitishwe na mdhibiti wa kitaifa. MCA wa Voi hawezi kuligeuza bomba la Mzima, hata akichaguliwa kwa kura zote. Anachoweza kufanya kinaanzia pale maji yanapoingia kwenye mabomba ya kaunti: ni kiasi gani kimeingia, kiasi gani kimefika kwa mteja, na kilichobaki kimekwenda wapi.

Kilichobaki si kidogo. Ripoti za mdhibiti zinaonyesha kwamba, nchini kote, zaidi ya asilimia 40 ya maji yanayozalishwa na kampuni hizi hayaingizi senti. Mengine huvuja kwenye mabomba yaliyooza, mengine huchukuliwa kwa miunganisho ya wizi, na mengine hupita kwenye mita zilizokufa. Maji hayo yameshatekwa, yameshatibiwa na yameshalipiwa. Kwa mji wenye mgao, kuziba mivujo ni sawa na kupata chemchemi nyingine bila kungoja Nairobi. Niliwauliza wagombea kama wanajua kiwango cha upotevu cha kampuni inayohudumia wadi zao. Mmoja tu alikuwa na tarakimu, tena alikuwa ameitoa kwenye ripoti ya mdhibiti, akaniambia ukurasa. Wengine walirudi kwenye bomba la pili.

Huyo mwenye tarakimu alikuwa kijana, zamani fundi wa mabomba. Tulizungumza hadi giza likaingia. Nilimsomea kifungu cha 9 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, kinachomkataza MCA kushiriki, moja kwa moja au kwa njia ya kuzunguka, kazi za utendaji za kaunti au kutoa huduma kana kwamba yeye ni mfanyakazi wake. Kazi yake ni kutunga sheria, kupitisha mipango na bajeti, na kuwahoji wanaotekeleza. Kifungu alikijua. Akaniambia, kwa uchungu kabisa, kwamba akisimama jukwaani na kusema sheria hainiruhusu kuchimba kisima, bali inaniruhusu kumhoji waziri wa maji wa kaunti mpaka atoe jasho, watu watamwendea yule aliyefika na mabomba juu ya pikapu. “Kaka, hapa mtu huchaguliwa kwa kile kinachoshikika,” alisema.

Jibu lake limenikaa moyoni. Hatusemi uongo kwa wagombea tunapowaomba visima, kwa sababu kiu ni ya kweli. Ila tunawafunza kusema wasichoweza, na wao wanajifunza haraka.

Nikamwuliza swali la mama wa Mtito. Akasema: kila kampuni ya maji inapaswa kuwa na nambari ya simu ya hitilafu na daftari la muda uliopita kati ya simu na fundi kufika, na bunge la kaunti lidai daftari hilo kila robo mwaka. Jibu lilikuwa fupi, na hakuhitaji kulifikiria.

Jumatano, Wundanyi

Nimeliacha bomba kwa siku moja, nikapanda vilima vya Taita kwa matatu kupitia Mwatate. Barabara inajipinda, hewa inabadilika, na ghafla watu wamevaa masweta. Nilitaka kuona siasa ya maji mahali ambapo maji hayaji kwa bomba la serikali. Huku vijiji vingi hunywa kwenye chemchemi na vijito vya milimani, kwa miradi midogo ya wananchi: kibirika cha kukingia juu, bomba jembamba la kushusha, tangi la saruji, na kamati inayokusanya mchango wa mwezi kwa kila nyumba.

Hapa swali la nani anapigiwa simu halikumshangaza mtu. Mzee mmoja aliyekuwa pembeni yangu alinionyesha kijana kwa kidole: huyo ndiye fundi wetu, simu yake kila mtu anayo. Shida yao ni nyingine. Chemchemi zinapungua. Misitu ya asili ya vilima hivi, kama Ngangao, hukinga ukungu unaotoka baharini na kuudondosha ardhini, na imebaki vipande vipande. Mahali pengi palipandwa mikaratusi, mti unaokua haraka na kunywa sana, na mingine imesimama kwenye kingo za vijito kabisa.

Mkutano ulikuwa wa wagombea kadhaa pamoja, kila mmoja akipewa muda sawa, na msimamizi alikuwa mwalimu mstaafu mwenye saa mkononi. Wawili walizungumzia barabara na basari. Wa tatu, mwanamke, alisema atapeleka mswada bungeni wa kukataza mikaratusi karibu na vyanzo vya maji, na kwamba mwenye shamba atakayeing’oa apewe miche ya asili bila malipo. Watu walinung’unika. Mikaratusi ni ada ya shule, ni mbao, ni nguzo za kuuza. Mwanamume mmoja alisimama kwa hasira akasema, “Dada, miti hii ndiyo iliyomsomesha mwanangu.” Hakurudi nyuma. Alisema anajua atapoteza kura, kisha akaeleza umbali wa hatua ngapi kutoka kwenye chemchemi, muda wa miaka mingapi wa kuhama, na fedha za miche zitakazotoka kwenye fungu gani. Katika safari nzima hii ndiyo mara niliyomwona mgombea akifanya, mbele ya wapigakura, kazi ileile anayoomba kwenda kuifanya: anapendekeza sheria na kutaja gharama yake, huku akimtazama usoni yule itakayemwumiza.

Nimeambiwa pia habari ya zahanati. Jengo moja limejengwa vizuri, mabati mapya, ila muuguzi hayupo. Majengo hupatikana kwa urahisi kwa sababu kuna mifuko mingi ya kuyajenga. Mshahara wa muuguzi unatakiwa kutoka kaunti, mwezi baada ya mwezi, na hauna sherehe ya kukata utepe. Hakuna mgombea aliyesema ni wauguzi wangapi atawadai kwenye bajeti. Niliuliza, nikajibiwa kwamba zahanati nyingine mbili ziko njiani.

Alhamisi, Maungu hadi Mackinnon Road

Nimeshuka tena kwenye joto. Kutoka Voi kwenda Maungu nyasi zimekuwa vumbi. Misimu minne ya mvua imepita mfululizo bila mvua ya maana, tangu mwisho wa 2020, na ng’ombe niliowaona kando ya reli walikuwa ngozi na mifupa. Bomba la Mzima linapita huku pia. Watu wanajua liko wapi.

Maji ya kijiji nilichofika ndani kidogo ya Maungu yanaletwa na boza, lori lenye tangi. Siku niliyofika, boza lilikuja likiwa na picha ya mgombea kwenye milango yote miwili. Foleni ya mitungi ilikuwa ndefu kuliko nilivyoweza kuona mwisho wake. Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya 2016 inakataza kumhonga mpigakura, na mtu aliyekaa ofisini angeweza kuliandikia boza lile hati ya mashtaka mara moja. Mimi nilisimama pale na nikashindwa kumwambia yeyote asichote. Bibi mmoja alikuwa amelala kando ya mitungi yake tangu usiku. Namlaumu mgombea, yeye simlaumu.

Nilimpata mgombea mwenyewe chini ya mgunga, amechoka, sauti imekauka. Nikamwuliza baada ya tarehe 9 boza litakuja? Akasema Mungu akipenda. Nikamwuliza mafuta ya boza ni bei gani kwa safari moja na yatatoka fungu gani la kaunti. Akasema mambo hayo yatapangwa. Hakuwa mtu mbaya. Anaijua shida ya watu hawa kuliko mimi, amezaliwa nayo. Lakini alikuwa hajawahi kufungua kitabu cha bajeti ya kaunti anayoomba kuiamulia.

Mpinzani wake alizungumzia silanga. Alitaka mabwawa ya udongo yachimbwe kwa tingatinga la kaunti, kila moja mahali wafugaji walipokubaliana, na mengine yawekwe mbali na makazi kwa ajili ya ndovu. Hilo si jambo dogo huku. Ndovu wa Tsavo wakikosa maji hufuata harufu yake hadi vijijini, huvunja matangi na kufukua mabomba, na watu wameuawa. Alieleza vizuri. Nilipomwuliza juu ya matope, kwa kuwa silanga isipozolewa hujaa udongo katika misimu michache, alikuwa na jibu: tingatinga lile lile lirudi kila kiangazi, na zamu iandikwe kwenye mpango wa maendeleo wa mwaka, ule ambao sheria inataka uwasilishwe bungeni kabla ya tarehe 1 Septemba. Nikampa mkono.

Mackinnon Road sikukaa. Mpaka kati ya Taita Taveta na Kwale unagombaniwa hapa, na wenyeji niliokunywa nao chai walisema kila upande huja kuomba kura na kila upande huwaelekeza kwa mwenzake pampu inapoharibika.

Ijumaa, Mariakani

Nimeingia Kilifi. Mariakani ni mji wa malori, mizani na vumbi la saruji. Baada ya swala ya Ijumaa vijana walikaa kwenye maskani kando ya stendi, nami nikajiunga nao. Hawakutaka kuzungumza maji. Walitaka mulika mwizi, zile taa ndefu za nguzo moja, kwa sababu wanarudi usiku kutoka vibaruani na kuna vichochoro watu hukabwa.

Wagombea wameshasikia. Mmoja aliahidi nguzo katika kila kijiji cha wadi. Fundi wa umeme aliyekuwa maskani alinionyesha nguzo mbili ambazo zimesimama bila kuwaka. Nguzo ikishasimikwa, kaunti inapaswa kulipa bili ya umeme kila mwezi na kuwa na gari lenye ngazi ya kufika juu balbu ikiungua. Bili isipolipwa, giza. Mgombea aliyepita jioni kusalimia maskani aliulizwa hilo na wale vijana wenyewe, na akasema ataleta za sola. Fundi akamwuliza betri za sola zinabadilishwa baada ya miaka mingapi na nani atazilipia. Mgombea akaomba aruhusiwe kwenda mkutano mwingine.

Nilifurahi kusikia maswali hayo yakitoka kwa vijana. Nimezoea kusikia wakiambiwa kwamba wao wanataka pesa za kampeni tu.

Jumamosi, Mazeras na Changamwe

Mazeras pako juu, na ndiyo maana maji ya Mzima hukusanywa hapa kwenye matangi kabla ya kushuka mjini. Sasa lile jambo la mteremko. Mombasa hainywi Mzima peke yake. Inapata pia maji ya visima vya Baricho, kando ya mto Sabaki, ya chemchemi za Marere kwenye vilima vya Shimba, na ya visima vya Tiwi. Baricho ndicho chanzo kikubwa kuliko vyote, na maji yake husukumwa na pampu za umeme. Kila lita inayofika kutoka huko imebeba bili. Kampuni ya kaunti isipokusanya pesa, haimlipi wakala. Wakala asipolipwa, halipi umeme. Umeme ukikatwa, watu wengi wa pwani hukosa maji, wakiwemo waliolipa bili zao tarehe moja. Mnyororo huu ndio unaoamua kama mfereji utatoa maji Jumamosi, na unaanzia kwenye mita iliyokufa na bomba linalovuja.

Changamwe nilihudhuria mkutano wa hadhara. Mgombea aliahidi maji ya bure. Watu walishangilia. Nami nakubali kwamba kwa nyumba maskini bili ni mzigo mkubwa, na kwamba anayenunua kwa mtungi wa mkokoteni hulipa kwa kila lita zaidi ya tajiri mwenye mfereji ndani. Kuna njia za kulisawazisha hilo: bei nafuu kwa kiasi cha kwanza cha matumizi, vioski vya kaunti vyenye bei iliyobandikwa, kuunganishiwa mfereji kwa kulipa kidogo kidogo. Mgombea hakutaja hata moja. Aliyeahidi bure ameahidi pampu za Baricho zisimame, na nadhani alistahili kuambiwa hivyo palepale. Hakukuwa na nafasi ya maswali. Muziki ulianza kabla hajashuka jukwaani.

Jumapili, Mombasa kisiwani

Asubuhi mikokoteni inapita mitaani na mitungi ya maji matamu, wachuuzi wakigonga plastiki kuita. Nyumba nyingi zina kisima cha maji ya chumvi cha kufulia na kudekia. Na kwa kuwa sehemu kubwa ya mji haijaunganishwa na mabomba ya majitaka, vyoo humwaga kwenye mashimo yaliyochimbwa kwenye mwamba uleule wa matumbawe wenye visima hivyo. Mwamba una matundu. Kipindupindu kikija Mombasa, wataalamu wa afya huanza kuulizia visima. Katika mikutano yote ya wiki hii hakuna mgombea aliyetamka neno choo kwa hiari yake.

Jioni wazee wa mtaa mmoja waliwaalika wagombea wanne wa wadi yao barazani, bila muziki, bila fulana. Walikuja watatu. Nilipewa nafasi ya kuuliza, nikauliza hivi: sheria inataka angalau asilimia 30 ya bajeti ya kaunti iende kwenye maendeleo. Kisima kipya huhesabiwa maendeleo. Dizeli, balbu, mshahara wa fundi na matengenezo ya kila siku huhesabiwa matumizi ya kawaida, fungu ambalo kila mtu huapa kulipunguza. Makadirio yatafika mezani kwenu kufikia tarehe 30 Aprili. Mtakata wapi ili matengenezo yapate pesa?

Wa kwanza alisema hatakata popote, ataomba kaunti iongezewe pesa na Nairobi. Wa pili alizungumza kwa ufasaha mkubwa juu ya uongozi bora. Wa tatu, mama wa makamo aliyewahi kuwa karani wa zahanati, alinyamaza kidogo, kisha akasema ataanzia kwenye fungu la safari na semina za wabunge wa kaunti wenyewe, na akishindwa hapo atataja kwa jina waliompigia kura ya kupinga, akirudi barazani hapa. Kelele zilizuka. Mzee mmoja akamwambia, “Mwanangu, ukishaingia wenzako watakutenga.” Akajibu kwamba huenda, na kwamba ndiyo maana anataka baraza liwe nyuma yake kwa maandishi.

Basi wakaandika. Kila mgombea aliyekuwepo alitakiwa atie sahihi kwamba yeyote atakayeshinda atarudi barazani mara tatu kwa mwaka: mpango wa mwaka ukiwasilishwa, waraka wa mwelekeo wa bajeti ukija Februari, na makadirio yakija Aprili. Na bunge jipya litakapopokea mpango mkubwa wa maendeleo wa kaunti wa 2023 hadi 2027, wakazi wasomewe kurasa zinazohusu wadi yao kabla ya kura. Wa pili alitaka kwanza kushauriana na chama chake. Walimngoja, akatia sahihi.

Karatasi ilipokuwa ikizungushwa, bibi mmoja aliyefunika leso alitaka kujua kama ni lazima angoje uchaguzi ndipo asikilizwe. Nikamwambia hapana: kifungu cha 15 cha Sheria ya Serikali za Kaunti kinampa mtu yeyote haki ya kupeleka ombi kwenye bunge la kaunti juu ya jambo lolote lililo chini ya mamlaka yake. Akamwomba mjukuu wake kalamu, akaanza kumtajia: bomba la mtaa huu linavuja mbele ya msikiti tangu kabla ya Ramadhani, simu imepigwa mara nyingi, tunaomba bunge limwite mhusika aeleze. Mama karani akavuta kiti, akaanza kumrekebishia sentensi ili ombi lisije likarudishwa kwa kukosa mpangilio.